Waliimba Majina Yetu, Tukabaki Nyumbani

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Huenda unausoma ukurasa huu huku redio ya jirani ikikutumbuiza, utake usitake, kwa nyimbo ambazo wengi wetu tumekubaliana kuziita zilipendwa. Gitaa la solo hutangulia, tarumbeta zikaitikia, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mzee aliyeketi kibarazani hutikisa kichwa na kutamka maneno uliyokwisha kuyasikia mara nyingi: "Huo ndio muziki. Hawa wa siku hizi wanapiga kelele tu." Vijana waliopo hucheka kidogo kwa adabu, kisha hurudi kwenye simu zao. Mazungumzo huishia hapo.

Leo napenda tusiyaache yaishie hapo. Napenda tuulizane: tunapoikumbuka miaka ile ya 1970 na ile ya mwanzoni mwa 1980, pamoja na muziki wake na sinema zake, ni kumbukumbu ya nani tunayoikumbuka? Maana katika nyumba moja yenye redio moja, watu wawili waweza kuusikiliza wimbo mmoja kwa miaka thelathini, na kila mmoja akausikia wa kwake. Nasema hivyo kwa sababu nyumba hiyo naijua. Ndiyo niliyolelewa.

Mimi mwenyewe sikuwapo. Nilizaliwa mwaka 1988, wakati bendi nyingi kubwa zilikwisha kupita kilele chao. Nyimbo zile nimezirithi kwa wazazi wangu kama mtu anavyorithi kabati: linakuja na nguo zake, na harufu yake, na funguo ambazo hujui zinafungua nini.

Redio moja kwa wote

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa, kwa faida ya waliozaliwa katika zama za simu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini huku Bara burudani ya nyumbani ilikuwa redio, na redio ya nchi ilikuwa moja: Redio Tanzania Dar es Salaam. Vituo vya watu binafsi vilikuja baada ya kutungwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Kwa hiyo kipindi kilichosikilizwa Kinondoni ndicho kilichosikilizwa Kigoma, saa ile ile. Watoto waliijua sauti ya Mama Deborah Mwenda wa "Mama na Mwana" kama walivyoijua sauti ya shangazi yao. Wagonjwa walisubiri salamu zao katika "Ugua Pole". Wapenzi wa dansi walisubiri "Misakato".

Redio hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa studio. Bendi ilipotunga nyimbo mpya ilikwenda RTD, waimbaji, wapiga magitaa na wapuliza tarumbeta wakapiga kwa pamoja, na kanda ikahifadhiwa hapo ili ipigwe hewani. Santuri, kwa wale walioweza kuzinunua, zilipigwa chapa Nairobi. Na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Kwa mtu wa kawaida, basi, wimbo ulikuwa wake kwa dakika zile tu ulipokuwa hewani. Ukikupita, umekupita, na huna budi kungoja hadi mtangazaji aukumbuke tena.

Na bendi zenyewe zilikuwa za wafanyakazi kwa maana halisi ya neno hilo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama kilipobadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwishowe Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Polisi walikuwa nayo, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa nayo, Shirika la Bima lilikuwa nayo, na Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake wa Sikinde ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Wanamuziki walihama kutoka bendi hadi bendi kama wachezaji wa mpira. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, alipata kuimba NUTA, Mlimani Park na Orchestra Safari Sound kabla ya kurejea kwake Msondo. Na kila alipohama, mashabiki walibishana vijiweni kana kwamba ni Simba na Yanga.

Marehemu baba yangu alikuwa katika mabishano hayo. Alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Pugu, barabara ambayo siku hizi huitwa ya Nyerere. Alikuwa na suruali mbili za bugaluu, jozi moja ya viatu vya raizoni, na nywele alizozichana zikasimama. Kila mwisho wa mwezi, mshahara ulipotoka, alipiga pasi moja ya suruali hizo kwa makaa, akajitazama katika kioo cha ukutani, akatoka. Hayo nimeyapata kwake mwenyewe, naye aliyasimulia kwa furaha mpaka alipotutoka mwaka 2011. Kwake miaka ile ilikuwa na taa za rangi, shati lililolowa jasho, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe au sauti ya Marijani Rajabu ikimwambia kwamba naye, mfanyakazi wa zamu, ni mtu kamili.

Majina ya wanawake

Sasa nisikilize upande wa pili, ndugu msomaji, upande ambao sikusimuliwa mpaka baba alipokwisha kuondoka.

Siku moja nilikuwa nikimpigia mama nyimbo hizo kwa simu yangu, nikidhani namliwaza. Ulipoanza wimbo wa "Georgina", ambao Marijani Rajabu aliuimba na Safari Trippers, mama alicheka cheko fupi, akasema:

"Mwanangu, mimi huyo Georgina nilimtafuta mtaa mzima nisimpate."

Nikamwuliza ana maana gani. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Georgina. Zuwena. Neema. Mary Maria. Bendi zetu, alisema, zilijaa majina ya wanawake. Walibembelezwa, wakasifiwa, wakaonywa, wakalaumiwa, wakaombwa msamaha. "Waliimba majina yetu," alisema, "na sisi tukabaki nyumbani."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Lakini maneno hayo yamekaa nami, kwa sababu ni kweli tupu. Katikati ya miaka ya 1960 jiji hili lilipata kuwa na bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, na baadaye Vijana Jazz walikuwa na Kida Waziri, mwimbaji ambaye sauti yake hakuna anayeisahau. Hao walihesabika. Jukwaani, kwa sehemu kubwa, walisimama wanaume wakiimba habari za wanawake. Na kumbini wanawake walikuwapo, naam, wala si haki kuwasema vibaya. Lakini mtaani kwetu mke wa mtu, mwenye mtoto mgongoni, hakutazamiwa kuonekana huko. Dansi ilikuwa haki ya mwenye mshahara.

Mama aliolewa mwaka 1978, akakaa na baba katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja. Ukumbi wa dansi ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwao. "Ukuta ulikuwa wa udongo," aliniambia. "Usiku besi nilikuwa naisikia hapa kifuani, lakini maneno siyapati. Maneno niliyapata mchana, redioni, nikiwa nafua. Kwa hiyo kila wimbo niliujua kwa vipande viwili, na mimi mwenyewe nikawa naviunganisha."

Hebu fikiri, msomaji wangu. Baba aliupata wimbo mzima, wenye watu na taa. Mama alipata besi usiku na maneno mchana, na katikati yake palikuwa na swali ambalo hakuna redio iliyolijibu: je, leo mshahara utarudi na kiasi gani?

Sinema za Jumapili mchana

Hata hivyo nisikufanye uamini kwamba mama hakuwa na furaha yake. Alikuwa nayo, ila haikuwa dansi. Ilikuwa sinema.

Jiji la Dar es Salaam wakati ule lilikuwa na majumba ya sinema ya kujivunia: Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Chox na mengineyo. Tangu mwaka 1966 palikuwapo pia ule uwanja wa kutazama picha mtu akiwa ndani ya gari lake, kule Msasani, mahali ambapo baadaye ulijengwa Ubalozi wa Marekani. Huko mama hakufika, maana gari hakuwa nalo. Lakini onyesho la mchana wa Jumapili mjini lilikuwa ni halali yake. Hakuna aliyeuliza mke wa fulani anakwenda wapi, kwa kuwa alikwenda na mama mdogo na majirani wawili watatu, wamejifunga khanga, wamefungasha karanga.

Walichokwenda kukitazama hasa ni picha za Kihindi. "Bobby" ya mwaka 1973 na "Sholay" ya mwaka 1975 zilirudiwa tena na tena, na mama anasema alizitazama kila zilipomwezekana. Hakujua neno la Kihindi. Lakini baba mkali anayekataa mchumba wa mwanawe, mama mkwe, rafiki anayekufa kwa ajili ya rafiki, tajiri anayemdharau maskini: haya, asema mama, hayahitaji mkalimani. Walilia pamoja, wakarudi kwa miguu wakiwa na macho mekundu, wakisimuliana njia nzima nani alikosea. Wiki nzima iliyofuata visa hivyo vilijadiliwa kisimani na uani, na ndani ya majadiliano hayo mtu aliweza kuisema ndoa yake mwenyewe bila ya kuitaja. "Tulikuwa tukimsema yule mwanamume wa kwenye picha," aliniambia, "kila mmoja anajua anasema nani."

Kwa hiyo ukimwuliza mama habari za miaka ile hatakuimbia wimbo wa bendi. Atakusimulia Jumapili moja mvua ilipowanyeshea watu wote waliotoka Avalon, wakajibanza chini ya baraza moja, Wahindi na Waafrika, wake na waume, na mtu mmoja akaanza kupiga mluzi wimbo wa ile picha, wengine wakaufuata. Muongo mmoja, nyumba moja, kumbukumbu mbili.

Bei ya wakati

Kuna jambo jingine ambalo nyimbo hazituambii vizuri, nalo ni bei ya wakati wenyewe. Wimbo huhifadhi utamu, foleni hauihifadhi.

Mbaraka Mwinshehe alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Mama anakumbuka kwamba usiku ule baba hakugusa chakula. Lakini anakumbuka pia kwamba wakati huo nchi ilikuwa vitani, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera Oktoba 1978, na kwamba kijana wa chumba cha pili alikuwa amekwenda mstari wa mbele. Vita vilipokwisha ilikuja miaka ya upungufu. Sabuni ilikatwa vipande. Sukari ilipangiwa foleni tangu alfajiri. Unga wa njano ulipoingia, watu wa mjini waliupa jina la Yanga kwa sababu ya rangi yake, wakaula huku wakitaniana. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya walanguzi.

Nyimbo nyingi tunazozililia leo zilirekodiwa katika miaka hiyo hiyo. Mzee anaposema "enzi zile maisha yalikuwa mazuri", aghalabu anachokisema ni kwamba enzi zile yeye alikuwa na miaka ishirini na mitano na magoti yake hayakuuma. Hilo si kosa. Lakini ni vema likasemwa kama lilivyo.

Wala si kweli kwamba wazee wa wakati ule waliwapenda vijana wao na muziki wao. Mwaka 1969 ulianza kwa Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana. Na Novemba mwaka ule ule muziki wa "soul" wa Wamarekani weusi ukapigwa marufuku jijini. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga, wote wakihofia vijana wanakwenda wapi. Vijana hao waliohofiwa ndio wazee wetu wa leo. Miaka thelathini baadaye ikawa zamu yetu: tulipoanza kuimba Bongo Fleva, tukamsikiliza Sugu na Profesa Jay na Lady Jaydee, wazazi walituuliza huo ni muziki gani usio na tarumbeta. Leo sisi wenyewe, wenye miaka thelathini na ushei, tunaziita nyimbo hizo "zetu za zamani", na tunawauliza wadogo zetu wanaocheza singeli huo ni muziki gani unaokimbia hivyo. Mwenye macho aone gurudumu linavyozunguka.

Kanda ya baba

Nifikie sasa jambo lililonifanya nikuandikie leo.

Baba aliacha kanda kumi na nne katika sanduku la biskuti. Katika hizo mama alikuwa akiitunza moja kuliko zote. Aliifunga kwa kitambaa, akaiweka pamoja na cheti cha ndoa. Nilistaajabu. Kanda ile ilikuwa ya nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyomtoa mumewe nyumbani mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kwa nini mke akumbatie kitu kilichomnyima usingizi?

Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja kijana ambaye kazi yake ni kuhamisha kanda za zamani na kuzitia katika flashi. Akaisikiliza kidogo kwa vipokea sauti vya masikioni, akavivua.

"Dada," akaniambia, "nyimbo hizi zote zipo mtandaoni, tena safi. Hii imerekodiwa vibaya. Kuna kelele za watu nyuma. Nikuondolee?"

Yapasa ueleze wakati ule watu walirekodi vipi. Baba alikuwa na kinasa sauti kidogo alichokinunua kwa baharia mmoja. Kipindi cha dansi kilipokaribia alikiweka juu ya stuli mbele ya redio, akabonyeza vidude viwili kwa pamoja, na chombo kile kikameza kila kilichokuwamo chumbani: wimbo, mfuniko wa sufuria, jogoo wa jirani, mlango.

Nikampigia mama simu kumwuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwambie aache kelele kama zilivyo. Wimbo, akitaka, autoe."

Majirani zetu wa zamani, ndugu msomaji, hadi leo humwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Jina hilo si langu, wala si la yeyote katika sisi watoto tulio hai. Ni la kaka yetu aliyezaliwa mwaka 1981 na kufariki kwa surua mwaka 1984, kabla ya mimi kuzaliwa. Picha yake haipo. Wakati ule kupiga picha kulikuwa kwa mpango na kwa fedha, na mpango wenyewe ulikuwa tumpige akianza shule.

Lakini katika kanda ile, katikati ya wimbo wa pili, pale tarumbeta zinaponyamaza na gitaa kubaki peke yake, mtoto anacheka. Anacheka sana, kisha anaanza kugonga kitu, labda bati, labda sahani, akijaribu kufuatisha ngoma. Hapo inasikika sauti ya baba, ya kijana, ikiita kwa ukali wa mzaha: anamwita mama kwa jina la mtoto, anamwambia amchukue huyo, yeye anarekodi. Na sauti ya mama, ambayo siijui kwa wepesi ule, inajibu: "Mwache naye apige, kwani yeye si mwanamuziki?" Kisha wote wawili wanacheka, na wimbo unaendelea.

Hayo tu. Hayazidi nusu dakika.

Mama alinieleza kwamba baada ya msiba baba hakwenda dansini kwa muda mrefu. Jumapili alikaa chumbani akaipiga kanda hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, akairudisha, akaipiga tena. Majirani walimwita shabiki asiyechoka. "Waache waseme," mama alisema. "Mimi nilijua anachokisikiliza. Alikuwa akiingoja ile sehemu. Nami nilikuwa jikoni, naingoja hiyo hiyo. Hatukupata kuambiana."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo wimbo mmoja uliokuwa mbili katika nyumba yetu ulipopata kuwa mmoja.

La kufanya

Huenda utaniuliza: hayo ni ya nyumba yako, sisi yatufae nini? Nakuomba univumilie niseme mawili matatu.

La kwanza, nyimbo zenyewe haziko hatarini kama tunavyodhani. Zilizohifadhiwa na redio ya taifa zimedumu zaidi ya nusu karne, na nyingi siku hizi mtoto wa darasa la nne anaweza kuzipata kwa simu kabla chai haijapoa. Kilicho hatarini ni yale yaliyozizunguka: nani alikuwa chumbani, nani alikuwa ukumbini, nani alibaki nyumbani na kwa sababu gani. Hayo hayamo katika kanda yoyote ya taifa. Yamo katika vichwa vya watu wenye miaka sabini, nao wanaondoka mmoja mmoja. Kama unayo kanda ya nyumbani, usiitupe kwa sababu tu wimbo wake unapatikana kwingine. Isikilize kwanza hadi mwisho. Andika juu ya kasha lake ni nani wanaosema.

La pili, tusiwaulize wanaume peke yao. Kwa muda mrefu habari za muziki wetu zimesimuliwa na waliokuwa na kiingilio mfukoni. Waulize akina mama. Huenda wasikumbuke nani alipiga gitaa la rithimu mwaka 1979, lakini watakueleza wimbo ule ulifanya nini ndani ya nyumba, na hiyo nayo ni historia ya muziki.

La tatu ni kwetu sisi tunaoanza kuzeeka. Tusiigeuze miaka yetu kuwa fimbo ya kuwachapia watoto. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba mazuri yote yalikwisha kabla hajazaliwa atafanya nini, kama si kuziba masikio? Lakini kijana huyo huyo ukimwambia, "Njoo, huu wimbo ulipokuwa ukipigwa bibi yako alikuwa akifua, na babu yako alikuwa na nywele za kusimama," ataivua ile mikufu ya masikioni na atataka kujua zaidi. Nimejaribu kwa wanangu, nikaona. Na ukimaliza, naye mwache akupigie wa kwake, usikilize mpaka mwisho bila kukunja uso. Haki ya kusikilizwa haina umri.

Basi leo jioni, redio itakapoanza tena, kabla hujaongeza sauti wala hujaipunguza, mgeukie mkubwa aliye karibu nawe, awe mama, baba, shangazi au mjomba. Usimwulize kama muziki wa zamani ulikuwa bora. Jibu la swali hilo unalijua. Mwulize tu siku zile, bendi ilipokuwa ikipiga, yeye alikuwa upande gani wa ukuta. Kisha unyamaze, umwache aseme.